Bendi nzima, chumba kimoja: nilivyowarekodi wazee wa dansi

Studio nyingi za Dar es Salaam siku hizi zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Prodyuza anatengeneza biti kwenye kompyuta, msanii anaingia kibandani, anavaa hedifoni, anaingiza sauti, anaondoka. Akihitajika mpiga gitaa, ataitwa siku nyingine aje apige juu ya kilichokwisha kutengenezwa. Bongo Fleva imekua kwa njia hiyo tangu miaka ya 1990, na mimi ndiyo kazi inayonilisha. Lakini wazee wa bendi moja ya dansi huko Temeke waliponijia na nyimbo zao ambazo hazijawahi kurekodiwa, nilijua njia hiyo haitawafaa.

Walikuwa wameshaijaribu kwenye studio nyingine. Mpiga besi alivalishwa hedifoni yenye mlio wa kompyuta wa kuhesabu mapigo, akaambiwa apige wimbo mzima peke yake. Akapiga. Nilisikilizishwa ile kazi: noti zote zipo, wimbo haupo. Mzee wa gitaa la solo akaniambia, "Mwanangu, besi inaijibu tumba. Sasa atajibu nini na hajaulizwa kitu?"

Ili kuelewa anachosema ilibidi nirudi kwenye chuo walichosomea, nacho ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 na 1980 redio ya taifa ndiyo ilikuwa studio kubwa ya bendi za nchi nzima. Mashairi yalipelekwa kwanza yakapitiwa, kisha bendi ikaitwa. Wote wanaingia pamoja, tepu inazunguka, wanapiga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kusema gitaa litarekebishwa kesho. Mmoja akiteleza dakika ya sita, watu wote wanaanza upya.

Kwa hiyo wimbo uliingia studio ukiwa umeshaiva ukumbini. Na kwa kuwa fundi mitambo hakuwa na njia ya kulipunguza gitaa moja baada ya kurekodi, wapigaji wenyewe walijifunza kupishana. Sikiliza bendi kama Mlimani Park, sikiliza Vijana Jazz: gitaa la solo likipanda, la rithimu linakaa chini yake, gitaa la tatu linatafuta upenyo katikati, na tarumbeta zinasubiri mwimbaji avute pumzi. Ninaamini kabisa kwamba uchache wa mitambo ulichangia kuwafanya wale watu wawe wapangaji hodari wa muziki. Leo programu inanipa njia za sauti nyingi nipendavyo, na ninaona vijana wenye vipaji vikubwa wakijaza zote kwa sababu hakuna anayewazuia.

Basi nikaamua kuwarekodi wote kwa pamoja. Studio yangu haiwatoshi, tukaomba ukumbi wa baa asubuhi kabla haujafunguliwa. Nilipiga makofi katikati ya ukumbi, mwangwi ukarudi mkali kutoka kwenye sakafu ya saruji na bati la juu. Tukaning'iniza mablanketi kwenye kamba, tukasimamisha magodoro nyuma ya ngoma. Mafriji ya bia nayo yalikuwa yanaunguruma, mwenye baa akakubali tuyazime kila tunaporekodi na kuyawasha tunapopumzika.

Tatizo kubwa la kurekodi bendi nzima ni sauti ya chombo kimoja kuingia kwenye maiki ya kingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, maana yake kila mita moja huichelewesha kama milisekunde tatu, yaani sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde. Ngoma iliyo mita nne kutoka kwa mwimbaji inafika kwenye maiki yake ikiwa imechelewa milisekunde kumi na mbili hivi. Ikifika kidogo, unasikia ukumbi. Ikifika kwa wingi, ngoma inakuwa na sauti ya pipa tupu. Mafundi wana kanuni ya zamani: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na chombo chake. Niliweka maiki za gitaa karibu kabisa na amplifaya, kiasi cha upana wa kiganja, na amplifaya zenyewe nikazitenganisha. Maiki za waimbaji, zile za kawaida za SM58, husikia vizuri zaidi mbele na kukataa kinachotoka nyuma, kwa hiyo nikahakikisha mgongo wa maiki unatazama ngoma.

Lakini kilichosaidia kuliko hesabu zote ni amri moja: kila amplifaya ishushwe mpaka bendi nzima imsikie mwimbaji bila spika. Wazee hawakushangaa hata kidogo. Walikaa nusu duara wakitazamana, na rithimu likaanza kupigwa kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwa mtu aliyevaa hedifoni. Waimbaji wawili niliwapa maiki moja. Mwenye sauti nzito alirudi nusu hatua nyuma bila kuambiwa, na kwenye kiitikio akasogea. Tulirekodi kipande, tukasikiliza, kisha nikawahamisha watu na viti mpaka mlingano ukakaa. Vitufe vya kompyuta nilivigusa kidogo sana.

Mlio wa kuhesabu mapigo niliuacha nyumbani. Nilipopima baadaye, wimbo wa kwanza unaanza kwenye mapigo 98 kwa dakika, na unapoingia kwenye chemko, pale maneno yanapopungua na magitaa kuchukua usukani, unafika 112. Mpiga ngoma haongezi kwa mkupuo, anaivuta bendi taratibu, na wenzake wanamfuata kwa macho. Kompyuta ingeninyima kitu hicho, na ndicho kinachomwinua mtu kitini.

Kisha likaja suala la urefu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, na taarabu inayopigwa usiku kucha ikabidi ikatwe ienee humo. Baadaye zilikuja santuri ndogo zilizokuwa zikitengenezwa Nairobi, na nyimbo nyingi za rumba zikagawanywa mara mbili: hadithi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Tepu ya redio haikuwa na ukingo wa namna hiyo. Bendi za Dar, ambazo zilitegemea redio zaidi ya santuri, zikauachia wimbo ukue hadi dakika saba au nane. Sasa tumerudi kwenye dakika tatu, safari hii kwa sababu ya watangazaji na simu.

Wimbo wetu una dakika saba na nusu. Tumeuweka mzima kwenye mtandao, na kwa ajili ya redio nimeandaa vipande viwili kama santuri za zamani. Mtangazaji mmoja alitaka hadithi peke yake. Nilimwomba apige chemko usiku, akakubali, na simu nyingi zilizoingia zilikuja baada ya hilo chemko.

Jambo la mwisho tulilolisimamia kwa makini ni karatasi. Wazee hawa walilipwa mara moja waliporekodi zamani, tepu zikabaki redioni, na nyimbo zao zikaendelea kunakiliwa kutoka hewani na kuuzwa kwenye vibanda vya kaseti bila wao kupata chochote. Kwa hiyo kabla sijawasha mashine tuliandika nani ametunga, nani amepiga nini, na kila mmoja anapata asilimia ngapi, kisha tukapeleka nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwenye Bongo Fleva majina yanayojulikana ni mawili, msanii na prodyuza. Hapa mpiga tumba ana fungu lake sawa na mpiga solo, kwa kuwa wamepiga kwa wakati mmoja na siwezi kumtoa mmoja wimbo ukabaki. Tunarudi ukumbini masika yakiisha, maana mvua kwenye lile bati haina maiki inayoiweza, na safari hii wanakuja na saksafoni mbili.