Nilivyounda boza la maji la Mirihi, na utingo wake

Huwa naunda magari madogo ya mfano, ya kuwekwa mezani. La kwanza lilikuwa na mabomba kumi na saba, antena nne na mizinga miwili juu ya paa. Nililifanyia kazi wiki tatu, kila usiku baada ya kufunga kibanda changu cha ufundi simu hapa Tabata. Rangi ilipokauka nikampelekea baba alione. Akavaa miwani, akaligeuza juu chini, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaliweka mezani taratibu.

"Mwanangu, dereva wake anaingilia wapi?"

Mlango haukuwepo. Kulikuwa na kioo cha mbele, na nyuma yake kiti nilichokichonga kwa shida, lakini hapakuwa na njia ya mtu kukifikia.

Baba ameendesha malori tangu ujana wake, na miaka ya mwisho kabla hajapumzika alikuwa kwenye boza la maji hapahapa Dar es Salaam, akizunguka mitaa ambayo bomba hukaa siku nyingi bila kutoa tone. Kwake gari ni kitu cha kupanda, kukagua, kujaza na kumwaga. Akaendelea kuniuliza kwa upole yale ambayo angeuliza kuhusu gari lolote. Tairi likiharibika unalitoaje? Hili bomba linatoka wapi, linakwenda wapi? Katika yale kumi na saba niliweza kumweleza mawili tu. Usiku uleule nikalibomoa gari lote, nikatunza vipande kwenye ndoo. Nikajiwekea sharti: sibandiki kitu ambacho sijui kazi yake.

Nikaamua kuunda boza, kwa sababu ndilo gari ambalo nyumbani kwetu tunalijua kuliko jingine lolote. Kimawazo nililipeleka kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu huko maji yapo, ila ni barafu: kwenye ncha za sayari na chini ya udongo. Watu wakija kuishi huko, lazima mtu fulani awe anasomba maji kutoka kwenye barafu hadi makazini. Huyo ndiye dereva wangu.

Kabla ya kukata chochote lazima upange kipimo. Mimi hutumia 1 kwa 18, yaani kitu halisi kina urefu mara 18 ya cha kwangu, na sababu yake ni midoli ninayoiweka kama watu wa gari. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa askari wake wa inchi 12, mwenye viungo vinavyopinda. Ni mdoli mzuri, lakini gari la kumtosha lingejaza nusu ya meza. Mwaka 1978 Kenner, kampuni nyingine ya midoli ya Marekani, wakatoa midoli ya inchi 3¾, na hapo ikawezekana kuuza chombo kizima ambacho mdoli anakaa ndani yake. Hasbro nao wakahamia ukubwa huohuo mwaka 1982. Inchi 3¾ ni kama sentimita 9.5. Zidisha mara 18, unapata mtu wa sentimita 171, yaani mtu wa kawaida kabisa mtaani. Midoli ya ukubwa huo huonekana kwenye marobota ya mitumba pale soko la Karume, imechanganyika na vijiko vya plastiki na dubu wa manyoya. Utotoni tuliiita makomando.

Ukishakuwa na kipimo, mambo mengi yanajibiwa na kikokotoo. Mlango wa mita 1.8 unakuwa sentimita 10. Ngazi ambayo vidato vyake vimeachana sentimita 30 inakuwa na nafasi ya milimita 17 hivi. Kwa tangi nilichukua kipande cha bomba la inchi nne, lile la maji taka, ambalo upana wake wa nje ni milimita 110. Nikakata urefu wa sentimita 18. Nilipopiga hesabu nilisimama katikati ya chumba: katika ukubwa halisi, hilo ni tangi la upana wa karibu mita 2 na urefu wa mita 3.24, na linabeba karibu lita 10,000. Ni ujazo uleule wa boza la baba. Sikuwa nimepanga hivyo. Nikampigia simu saa nne usiku kumwambia.

Kuhusu plastiki, nimepoteza vitu vingi kabla ya kuelewa kwamba plastiki zote si ndugu. Vifuniko vya chupa za maji vinavutia sana, vinafanana na vizibo vya matangi, na nilivibandika vingi kwa supaglu kwenye lile gari la kwanza. Baada ya wiki vikaanza kudondoka kimoja kimoja kama maembe mabovu. Siku hizi natazama kwanza ile pembetatu yenye namba chini ya chombo. Namba 2 na namba 5 supaglu haishiki vizuri, hivyo kipande cha namna hiyo nakitoboa na kukifunga kwa skrubu ndogo za simu au waya. Namba 3, plastiki ya mabomba, inashika vizuri sana. Namba 6 nayo inashika, lakini haivumilii thina, na hilo lilinigharimu kama nitakavyoeleza. Plastiki ngumu ya maganda ya printa na rimoti ndiyo naipenda kuliko zote: inakatika safi, inakubali msasa, na gundi ikishaingia haiachii.

Magurudumu ndiyo sehemu niliyokaa nayo muda mrefu kuliko yote, na ningeweza kuandika juu yake peke yake. Tairi la mpira wenye upepo silo la Mirihi. Kule wastani wa baridi ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri, na mpira wa kawaida ungekakamaa. Magari ya utafiti yaliyoko huko, Curiosity lililotua Agosti 2012 na Perseverance lililotua Februari 2021, yanatembea kwa magurudumu sita ya aluminiamu yasiyo na mpira wala upepo. Basi nami nikakata pete sita kutoka bomba la milimita 50, kila moja upana wa milimita 25. Katikati nikaweka gia za printa mbovu, meno yake yakawa kama spoku. Kashata za nje, yale matuta ya kushikia ardhi, nilizitoa kwenye mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya: nilikata vipande vifupi, nikavilaza kwa mshazari, 24 kwa kila gurudumu, nikitumia kibanio cha ufundi simu na miwani ya kukuzia. Vipande 144. Nilivipanga kwa jioni nne.

Halafu nikataka yabembee kweli. Magari yale ya Mirihi hayana springi. Kila upande una mkono mrefu ambao mbele unashika gurudumu moja, na nyuma unashika mkono mwingine mfupi wenye magurudumu mawili. Mikono mirefu ya pande mbili imeunganishwa kwa upau unaopita juu ya bodi, hivyo upande mmoja ukipanda, mwingine unasukumwa chini, na bodi inainama nusu tu ya mwinamo ule. Niliunda mikono kwa alumini ya fremu ya dirisha, na ekseli kwa spoku za baiskeli. Spoku hazikutosha. Tangi la bomba ni zito, na siku ya pili ekseli zilikuwa zimepinda, magurudumu yamechanua kama miguu ya mtoto anayejifunza kusimama. Nikabadilisha nikaweka misumari ya inchi tatu niliyoikata vichwa. Jioni hiyo nililisukuma juu ya kandambili iliyokuwa sakafuni. Magurudumu matatu ya kushoto yakapanda moja baada ya jingine, ya kulia yakabaki sakafuni, na tangi likainama kidogo tu. Nikalirudisha, nikalisukuma tena. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwa mke wangu.

Kabini niliitengeneza kwa makasha ya CD, na hapo ndipo nilipoumia. Makasha yale ni plastiki namba 6, ngumu na angavu, yanachanika vizuri ukiyakwaruza kwa kisu na kuyavunja kwenye ukingo wa meza. Madirisha madogo, mlango mzito wa duara wenye gurudumu la kufungia kama wa nyambizi, kwa sababu nje hewa ni nyembamba mno, haifikii hata asilimia 1 ya mgandamizo wa huku kwetu. Nilikuwa nimemjibu baba swali lake la mlango. Kisha nikanunua rangi ya magari ya kopo, nikapuliza. Ndani ya dakika chache uso wote ulijikunja kama utando wa maziwa, na nyufa nyembamba zikatambaa hadi kwenye madirisha. Thina ya rangi ile inaila plastiki namba 6. Niliketi nikaiangalia kazi ya siku kumi ikifa. Kabini ya pili niliijenga kwa mabaki ya mbao za plastiki wanazokatia mabango, na makasha ya CD nikayabakiza kwenye vioo tu. Siku hizi kila rangi mpya naijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Na wakati wa masika sipulizi kabisa. Unyevu unaingia kwenye rangi na inakauka na ukungu mweupe.

Kuchakaza gari ni utamu wa peke yake. Mbinu ninayoipenda ni ya chumvi ya mawe. Unapaka rangi ya chini, inakauka, unalowanisha pale unapotaka pabanduke, unanyunyiza chumvi, inaganda. Unapuliza rangi ya juu, kisha unasugua kwa mswaki wa zamani wenye maji. Chumvi inatoka na rangi iliyoko juu yake, na chini panabaki alama za kubanduka ambazo mkono hauwezi kuzichora. Nilikuwa nimeshapaka rangi ya kutu kwa chini nilipojiuliza: kutu itatoka wapi kwenye gari la alumini, mahali pasipo mvua? Nikaifuta, nikapaka ya fedha. Kinacholichubua boza langu ni mchanga na mikono ya watu.

Mikono ya watu nilifundishwa na baba. Nilimpa kipande cha mkaa nikamwomba aniwekee alama kwenye gari. Akafumba macho kidogo, mkono wa kushoto akaunyanyua hewani kama anayeshika nguzo ya mlango, mguu ukanyanyuka. Akaweka alama kwenye ukingo wa juu wa mlango, kwenye kidato cha kwanza na cha tatu, "cha pili watu wanakiruka," kwenye mpini wa valvu, na kuzunguka mdomo wa kujazia, upande mmoja tu, kwa kuwa mjazaji husimama upande mmoja. Pale nikaweka chumvi. Sehemu nyingine sikugusa.

Vumbi nililomalizia ni la kweli, udongo mwekundu wa Lushoto alioniletea shemeji. Wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma, kama wekundu wa Mirihi. Niliuchuja kwa kitambaa, nikaupaka kwa brashi kavu, nikaunatisha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji.

Dereva nilimpata Karume, mwili tu, umeachana katikati. Midoli ya Hasbro ya miaka ya 1980 inashikiliwa kiunoni na pete moja ya mpira: inapita kwenye ndoano ya nyonga na kwenye skrubu ya mgongoni. Mpira ukizeeka unakatika, na watu wanatupa mdoli mzima. Nilifungua skrubu, nikachukua nusu ya kifua, nikaenda nayo dukani kwa muuza vifaa vya mabomba, nikajaribisha pete za koki moja moja hadi ikapatikana inayobana. Alisimama wima siku hiyohiyo. Suti nilimfinyangia kwa epoksi ya kuzibia mabomba, ile ya kukanda. Unapata dakika chache tu kabla haijawa jiwe, na kidole kiwe na maji. Kioo cha kofia ni kifuko kimoja cha pakiti ya vidonge. Nilikibandika kwa gundi ya mbao, maana mvuke wa supaglu unafanya plastiki angavu kuwa na ukungu. Na rangi ya kopo usipulize juu ya plastiki laini ya mdoli. Inabaki kunata miezi na miezi. Akriliki ya brashi, tabaka jembamba jembamba, ndiyo inayofaa.

Nilipomaliza nikampelekea baba tena. Safari hii alikaa nalo muda mrefu. Alifungua mlango kwa ukucha, akamtoa dereva, akamrudisha. Akalipandisha juu ya kitabu, magurudumu yakainama yalivyopaswa. Akagusa mpini wa valvu.

"Lita elfu kumi," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akaangalia nyuma ya gari, halafu chini ya gurudumu la nyuma. "Na utingo wake yuko wapi? Boza limejaa, liko mlimani, nani anaweka kigogo?"

Nilirudi Karume Jumamosi iliyofuata. Utingo nimemuunda kwa midoli miwili: mwili wa mmoja, mikono ya mwingine, kwa kuwa nilihitaji viwiko vinavyopinda vizuri na kiuno cha kuinama. Mikono niliichomoa kwa kuichovya kwenye maji ya moto kwanza, plastiki ikalegea. Kigogo ni mbao ya mninga, kipande cha milimita 12 nilichookota kwa fundi seremala, nimekichonga kwa mshazari kama kabari. Sasa hivi gari liko juu ya kabati nyumbani kwa baba, kwenye mteremko wa kadibodi. Dereva yuko ndani. Utingo amepiga goti nyuma, mikono yote miwili chini, kigogo kimekaa barabara kwenye gurudumu la tatu.