Ringi zinazosahaulika pale boriti inapokutana na nguzo

Katika maghorofa yanayoinuliwa hapa Nakuru, sehemu ninayoikagua kwanza kabla ya zege kumwagwa ni kiungo cha boriti na nguzo, kwa sababu mara nyingi ringi za nguzo, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo za wima na kuzibana, huishia chini ya boriti na kuanza tena juu ya slabu, huku kiungo chenyewe kikiachiwa nondo za wima peke yake. Mafundi hawafanyi hivyo kwa uvivu. Nondo za boriti zikishalazwa kutoka pande nne, hata mkono haupiti. Hivyo ringi hizo hazina budi kuvishwa nguzo mapema.

Jengo linapobeba uzito wake tu, upungufu huo haujitokezi. Ardhi ikitikisika, nondo za juu za boriti huvutwa upande mmoja wa nguzo na kusukumwa upande wa pili, na nguvu zote mbili hulipitia zege lililo katikati, ambalo hupasuka kimshazari. Mtikisiko ukigeuka, nyufa mpya huzikata zile za kwanza kwa umbo la X, nondo huteleza, na nguzo hupoteza uwezo wa kubeba ghorofa za juu. Ringi ambazo ncha zake zimekunjwa kuwa kulabu za nyuzi 135 hulibana zege hilo, ilhali kulabu za nyuzi 90 hufunguka mara tu ganda la nje linapobanduka.

Wapo wanaoamini kwamba fremu ya chuma imeepukana na haya. Tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994, lilipasua ghafla viungo vya kuchomelea ambavyo wahandisi walitarajia vipinde bila kukatika, hasa kwenye flanji (bamba la ukingoni) ya chini ya boriti, na nyufa nyingi zilikuwa zimefichwa na mapambo ya ndani na tabaka la kukinga moto. Tiba mojawapo ni kupunguza upana wa flanji karibu na nguzo, ili boriti ilegee hapo, yaani ijipinde bila kukatika, kabla ya mshono wa kuchomelea kulemewa. Hata kwenye zege, boriti ndiyo inayopaswa kulegea kwanza, si nguzo.

Sisi tumo ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilitokea kaskazini mwa mji huu. Kwa hiyo naona ni haki ya kila mwenye jengo kudai mchoro unaotaja idadi ya ringi ndani ya kiungo, na mhandisi azihesabu kabla mbao za pembeni hazijafungwa.