Siku moja na vali ya kukunjwa

Saa 12:40 asubuhi. Tunatengeneza vali za moyo za bandia, zinazokunjwa na kupitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo bila kupasua kifua. Kabla ya chai napitia mashine ya kuchosha vali, yaani kupima zinadumu kiasi gani. Inazifungua na kuzifunga ndani ya maji ya uvuguvugu, usiku na mchana, kwa kasi ambayo hakuna moyo wa binadamu ungeimudu. Moyo hupiga kama mara milioni 40 kwa mwaka. Vali yetu sharti ivumilie milioni 200, sawa na miaka 5 hivi. Vali Namba 4 imechanika ukingoni ikiwa milioni 131. Chai imeniingia chungu.

Saa 2. Chumba cha kushonea. Mafundi wameinamia hadubini, wanashona kwa mkono utando wa mfuko wa moyo wa ng'ombe kwenye fremu ya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, tundu kwa tundu. Niliwahi kujaribu. Niliombwa kwa adabu nirudi kwenye kompyuta yangu.

Saa 4. Kikao, na ubishi ule ule. Daktari anataka katheta, mrija wa kuipitishia vali, iwe nyembamba zaidi: inapanda kutoka mshipa wa paja hadi kwenye moyo, na mishipa ya wazee wengi imekakamaa kwa chokaa. Mimi nasema wembamba huo utatoka kwenye unene wa utando, na utando mwembamba unachanika. Wote tuna haki, ndiyo maana hakiishi. Daktari wa moyo Alain Cribier alipomwekea binadamu kwa katheta vali ya kwanza ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, mrija ulikuwa wa milimita 8. Leo ni kama 5. Nadhani kila milimita iligombewa hivi hivi.

Saa 7. Chakula, barua pepe.

Saa 8. Kubana. Nazamisha vali kwenye maji ya barafu. Nitinoli ikipoa inalegea, inakubali kukunjwa. Kitu cha upana wa milimita 26 kinaishia kuwa chembamba kuliko penseli. Nikiisukuma nje kwenye maji yenye joto la mwili, inachanua yenyewe. Miaka yote hii na bado naacha kuongea inapochanua.

Saa 10. Naiweka Namba 4 chini ya hadubini. Mchaniko umeanzia palepale kwenye alama ya mkunjo, fremu ilipouminya utando. Kumbe huenda tuliijeruhi sisi, kabla haijapiga hata mara moja.

Saa 12 jioni. Nimebana tatu mpya. Moja naifungua baada ya dakika 10, ya pili baada ya saa nzima. Ya tatu italala imebanwa mpaka kesho.