Macho ya maabara na homa ya papasi

Miongoni mwa wanafunzi ninaowafundisha kazi za maabara hapa Dodoma yuko kijana aliyekulia Bahi akichunga ng'ombe wa baba yake, ambaye humtambua ng'ombe wa kwao angali mbali, kwa mwendo na kwa namna pembe zilivyokaa. Kijana huyo huyo, alipowekewa slaidi ya damu chini ya hadubini, aliona rangi ya zambarau iliyotapakaa tu. Kimelea cha malaria, kipete cha buluu chenye nukta nyekundu, kilikuwa mbele yake kabisa, na macho yake yakakipita.

Macho yake hayana kasoro yoyote; ujuzi wake ni wa ng'ombe, na ujuzi wa kuona hauhami kirahisi. Wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon walilionyesha hilo mwaka 1973 kwa wachezaji wa sataranji: bingwa aliyetazama kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi aliweza kuzipanga upya kete nyingi kuliko mchezaji mchanga, lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa haukumsaidia. Kwa hiyo siamini mafunzo yanayoishia kwenye mchoro mmoja wa kitabuni. Mwanafunzi anahitaji slaidi nyingi, zenye vimelea na zisizo navyo, zilizopakwa vizuri na zilizoharibika, na aelezwe palepale alipokosea, mpaka chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, na mabaki ya rangi ya Giemsa yaache kumdanganya.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni macho ambayo yamekwisha kufundwa. Katika majaribio ya Jeremy Wolfe, mtafiti wa uonaji, na wenzake yaliyochapishwa mwaka 2005, kitu kilichotafutwa, kilipokuwamo katika nusu ya picha, kilikoswa kwa asilimia 7 hivi, lakini kilipokuwamo katika asilimia 1 tu ya picha, kilikoswa kwa asilimia 30. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na mtu anayesoma slaidi safi siku nzima huanza kutarajia usafi. Kanuni ya kukagua sehemu 100 kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea inatulinda na matarajio hayo, nami sikubali ifupishwe hata foleni ikiwa ndefu.

Mwaka 2013 Wolfe, pamoja na Trafton Drew na Melissa Võ, waliweka picha ya gorila ndani ya picha za mapafu. Kati ya wataalamu 24 wa kusoma picha za namna hiyo waliokuwa wakitafuta vinundu, yaani uvimbe mdogo unaoweza kuwa saratani, 20 hawakumwona, ingawa alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, na wengi wao walimtazama moja kwa moja.

Kwetu hatari ya namna hiyo iko kwenye homa ya papasi, inayoenezwa na papasi, aina ya kupe, na inayojulikana tangu zamani vijijini Ugogo, hususan Mvumi, ambako papasi walijificha katika sakafu za udongo na kuta za tembe. Bakteria wake, Borrelia, huonekana kwenye slaidi ile ile ya malaria kama uzi mwembamba uliojikunja mawimbi, na msomaji anayewinda vipete anaweza kuuona uzi huo akaudhania uchafu. Ndiyo maana nawataka wanafunzi wangu, wakishamaliza kuhesabu vimelea, waipitie slaidi upya wakitafuta nyuzi hizo peke yake, hata pale malaria imeshapatikana, kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.