Umewavulisha watu mbalamwezi

Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu. Asubuhi nimeshuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikakuta vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vimefungwa pembeni, taa zimeshushwa, vijana wanashona nyavu kivulini. Vichanja vya kuanikia dagaa vitupu. Nimesimama pale nikimkumbuka mwenzangu wa kazi niliyemwita dada, kama ninavyomkumbuka kila mwezi ukijaa.

Tulikuwa watafiti wa uvuvi, yeye amenitangulia miaka mingi. Kazi yetu ni ya alfajiri: unahesabu vipe vilivyotoka usiku, unapima mabeseni ya dagaa, unachota sampuli, kisha unamlaza dagaa mmoja mmoja kwenye ubao wenye rula na kuandika milimita zake. Ubao wake ulikuwa wa mninga, umekolea mafuta ya samaki. Namba zilipofifia alizichonga upya kwa ncha ya kisu, na hakumwazima mtu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitengeneza jedwali la mavuno ya mwezi mzima. Siku sita hazikuwa na takwimu. Nikachukua wastani wa siku nyingine, nikajaza, nikaona nimefanya kazi safi. Kikaoni, mbele ya wageni na wakubwa, alinyoosha mkono sijafika hata ukurasa wa pili.

"Mdogo wangu, siku hizi sita ni za mwezi mpevu. Dagaa anafuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwaka, nani atawasha taa? Umewavulisha watu mbalamwezi."

Ukumbi ulinyamaza. Nilimchukia. Wiki mbili nzima shikamoo yangu kwake ilikuwa ya mdomoni tu, naye aliitikia marahaba ile ile ya siku zote. Kisha mchana mmoja akaja mezani kwangu na madaftari ya mwaloni, akavuta kiti, tukalirudia jedwali lote mpaka adhana ya magharibi. Hakuomba radhi. Leo naona hakuwa na cha kuombea.

Mdomo wake uliwagusa wote. Wakubwa aliwaambia wasiwabebeshe wavuvi lawama zote. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala huko chini. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio unaokoroga maji na kuvipandisha. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha dagaa kinapungua hata kama hakuna aliyetupa wavu. Hayo aliyasema bila kupunguza neno, na hayakumpa marafiki.

Jioni ile ile angeshuka mwalo wa Katonga kuwaambia wenye makokoro ya vyandarua kwamba wanaua watoto wa samaki, na aliwaita kwa majina yao. Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja akimmwagia maji ya beseni. Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaendelea pale pale alipoishia.

Pande zote mbili zilimwona msaliti. Mimi nilimwona mtu ambaye neno lake la ofisini ndilo neno lake la mwaloni. Wako wasomi wengi wa kazi yetu, nami nimewahi kuwa mmoja wao, ambao maneno yetu hubadilika njiani tukiteremka kwenda ziwani.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, alikuwa ameshatutoka. Namjua, angeuliza maswali mawili: nani amehesabu siku ya mwisho kabla ya kufunga na siku ya kwanza baada ya kufungua? Na watu wa mwaloni wanakula nini hapo katikati?

Leo nimefungua daftari pale Kibirizi. Kijana mmoja akaniuliza, "Shemeji, unaandika nini na samaki hakuna?" Sifuri kwa siku kama ya leo dada hakuitaka; sifuri, alisema, ni ya aliyekwenda akakosa. Nikamwonyesha kijana mstari wa leo: "Mbalamwezi. Hawakutoka."