Krediti Kumi na Mbili

Binti wa dada yangu, ambaye amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha Iringa, alifika kwangu Uyole mwezi wa Julai, wakati baridi ya Mbeya haitulii hata mchana, na baada ya kuniamkia alinionyesha matokeo yake kwenye simu kabla hajavua koti. Muhula wa kwanza alikuwa amepata GPA, yaani wastani wa pointi zake, ya 3.1 na wa pili 4.0. "Mama mdogo, nikijumlisha na kugawa kwa mbili napata 3.55," aliniambia kwa furaha, "kwa hiyo niko daraja la pili la juu." Nilimwomba anisomee krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, za kila muhula. Wa kwanza ulikuwa na krediti 70 na wa pili 50. Nilichukua kalamu, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyonipotezea daraja mimi mwenyewe, na sikutaka mtoto wetu aigundue akiwa mwaka wa tatu, kama nilivyoigundua mimi.

Mwanafunzi anayetoka kidato cha sita huingia chuoni na mazoea ambayo hayamsaidii tena. Huko alikotoka, pointi chache ndizo bora: mwenye pointi 3 ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote, na A huanzia alama 80. Chuoni mambo yamegeuka. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vikuu vyetu vingi, A huanzia 70 na ina pointi 5, B+ huanzia 60 na ina pointi 4, B huanzia 50 na ina 3, C huanzia 40 na ina 2, na D, ambayo ni kufeli, ina 1. Alama hizo hutokana na kazi za muhula, ambazo kwa kawaida huchukua 40 katika mia, na mtihani wa mwisho, ambao huchukua 60. Mwenye GPA ya 4.4 hadi 5.0 huhitimu kwa daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu. Shahada ya udaktari wa binadamu haigawanywi katika madaraja hayo.

Wengi hukariri jedwali hilo katika wiki ya kwanza, lakini kisichokaririwa ni uzito. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti za kozi hiyo, mazao yote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote, na kwa sababu hiyo haifai kuchukua wastani wa mihula kana kwamba mihula yote ina uzito sawa. Kwa binti yetu, 3.1 mara 70 ni 217, na 4.0 mara 50 ni 200. Jumla ni 417, na ukiigawa kwa 120 unapata 3.475. Chuo chake, kama kile nilichosoma mimi, hukata tarakimu zinazozidi moja baada ya nukta bila kukadiria kwenda juu, hivyo amemaliza mwaka akiwa na 3.4, yaani daraja la pili la chini. Alinyamaza kwa muda, akaichukua kalamu, akairudia hesabu yote mwenyewe.

Ndipo nilipomweleza habari ambayo sikuwahi kumweleza hata mama yake. Nikiwa mwaka wa kwanza nilikuwa na kozi ya takwimu yenye krediti 12, na katika muhula huohuo nilikuwa na kozi nyingine ya krediti 6 ambayo niliipenda sana. Nilikesha nikisoma ile ya krediti 6, nikapata A. Takwimu nilipata 39, nikala sapu. Nilipoufanya mtihani wa marudio mwezi wa Septemba nilifikisha alama 66, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba jeraha limepona. Lakini kwa kanuni zetu, aliyefaulu kwa sapu hupewa C hata angepata alama ngapi. Ziliandikwa pointi 2 badala ya 4, mara krediti 12. Nilipomaliza mwaka wa tatu nilikuwa na pointi 1,256 kwa krediti 360, ambazo ni 3.488. Cheti changu ni cha 3.4. Laiti kozi ile moja ningeipata kwa B mtihani wa kwanza, ningekuwa na 1,268, yaani 3.52, na daraja lingekuwa jingine.

Kanuni ile haikunionea, maana ilikuwa imechapwa katika kijitabu tulichogawiwa siku ya usajili. Hata hivyo nashikilia kwamba mwalimu anayewapokea wanafunzi wapya hawezi kusema kazi yake imekwisha kwa kugawa kijitabu. Saa moja ya ubaoni, mbele ya darasa zima, kwa mfano wa kozi mbili zenye uzito tofauti, ingewafaa kuliko hotuba nyingi tulizosikiliza wiki ile. Mwaka wa kwanza huhesabiwa sawasawa na wa tatu, na kuna mtu mzima anayepaswa kulitamka jambo hilo kwa sauti mapema.

Tofauti ya desimali moja hufuatana na mtu hadi kazini. Daraja la pili la chini limetosha kuwafikisha wengi katika shahada ya uzamili, lakini matangazo ya nafasi za wakufunzi wasaidizi katika vyuo vya umma yamekuwa yakidai GPA ya 3.8, na binti yetu amekuwa akisema tangu sekondari kwamba anataka kufundisha chuo kikuu.

Kwa hiyo tulikaa mezani tukahesabu alichobakiza. Ana krediti 240 mbele yake. Ili afikie 3.5 anahitaji pointi 843, yaani wastani unaozidi 3.51 kidogo kwa miaka miwili. Ili afikie 3.8 anahitaji 951, yaani wastani wa karibu 3.96, ambao ni B+ karibu kila mahali, na kila anapoteleza kwenye B pawepo A yenye uzito uleule ya kuifidia. Aliziandika namba hizo kwenye jalada la ndani la daftari lake, kisha akafungua orodha ya kozi za muhula ujao na kuzipanga upya kwa krediti, nzito zikiwa juu. Ya kwanza ni takwimu, krediti 12. Aliniuliza kama bado ninayo maandishi yangu ya ile sapu. Yapo, nimeyatoa kabatini, na mwezi wa Oktoba ataondoka nayo kwenda Iringa.