Nilivyowafanya wanafunzi waandike wanachokiona nje

Kuwatoa darasani hakukuwa kazi. Mlango ukifunguliwa tu, wametoka mbio. Shida ilikuwa madaftari yanayorudi: "Nimeona mdudu. Nimeona majani." Basi.

Dawa ikawa kupunguza eneo. Kila kundi la watoto wanne nililipatia vijiti vinne na kamba ya mita 4 (na ziada kidogo ya fundo), wakapata mraba wa mita 1 kila upande. Ni humo tu. Mtoto aliyepewa uwanja mzima hutupia macho kila kitu asione chochote. Aliyebanwa kwenye mraba huanza kufunua majani makavu.

Kisha nikaweka sharti: chora kwanza, jina baadaye. Anayechora hana budi kuhesabu miguu, na miguu husema mengi. Mdudu kamili ana 6, buibui ana 8. Tandu ana jozi moja katika kila pingili ya kiwiliwili, jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi. Hapo palizuka ubishi mtamu kuliko somo lolote nililowahi kuandaa.

Ukurasa nikaugawa safu mbili, "nilichoona" na "ninachodhani". "Sisimizi wamekasirika" ikahamia ya pili. "Sisimizi wanakimbia huku na huku" ikabaki ya kwanza.

Tarehe, saa na hali ya hewa huandikwa juu, kwa penseli, maana wino huchuruzika ukilowa. Vijiti having'olewi, ili kundi lirudi palepale wiki inayofuata na kulinganisha kurasa.